Mtego wa Kisigino

Siku yangu ya kwanza katika idara ya magonjwa ya neva sikuonyeshwa mgonjwa hata mmoja. Profesa aliyekuwa mkuu wa idara alinipeleka kwenye chumba cha ghorofa ya kwanza, akavuta kiti hadi dirishani, akaniambia niketi. Dirisha hilo lilitazama lango la hospitali na njia ya kokoto iliyopanda hadi kliniki.

"Watazame wanavyotembea," alisema. "Mtu akishaingia kwa daktari anakuwa mgonjwa wa kuonyeshwa. Mimi namtaka yule wa langoni."

Akaenda zake. Nilikaa pale hadi saa sita mchana nikishuku kwamba ananijaribu, pengine kuona kama daktari mwanamke ataudhika akinyimwa kazi. Aliporudi aliniuliza ni nani kati ya watu hao aliyewahi kupata kiharusi, ni nani mwenye ganzi ya miguu, na ni nani aliyeanza kuchechemea alipoukaribia mlango wetu. Wa kwanza nilikuwa nimemtambua. Wa pili nilibahatisha. Wa tatu sikuwa nimemwona kabisa.

"Huyo wa tatu ndiye kazi yako," Profesa alisema.

Madaktari vijana wameniomba mara nyingi niandike jinsi kazi yetu ilivyofanywa hapa Kakamega kabla ya mashine za kupiga picha za ubongo kufika. Nitaandika hayo, na nitaandika pia jambo ambalo hawakuniuliza. Jina la hospitali naliacha. Hospitali haikufanya kosa lolote katika habari hii. Aliyekosa ni mimi.

Vifaa vyetu vilienea katika mfuko mmoja wa koti. Kulikuwa na nyundo ndogo ya mpira ya kugonga kano lililo chini ya goti. Mguu ukiruka kupita kiasi, shida iko juu, kwenye ubongo au uti wa mgongo. Usiporuka kabisa, shida iko chini, kwenye neva zenyewe. Kulikuwa na uma wa chuma ambao unaugonga unatetema, kisha unauweka juu ya kifundo cha mguu na kumwuliza mgonjwa kama anasikia mtetemo. Kulikuwa na tochi, pini, na ufunguo wa mlango wangu wa nyumbani, ambao niliutumia kukwaruza unyayo. Kidole gumba kikikunjika kwenda chini, vyema. Kikiinuka juu kwa mtu mzima, kuna jambo kubwa.

Watu nao walitushuku sisi. Tulipopata mashine ya kuchora umeme wa ubongo, ile ya kubandika nyaya kichwani ili kuchunguza kifafa, mzee mmoja kutoka Lugari alikataa katakata mke wake kufungwa nyaya mpaka nimwapie kwamba haziwezi kusoma anachofikiria. Nilimwapia. Akaniuliza, "Na wewe ulijuaje, kama hazisomi?" Mimi mwenyewe ni mtoto wa wakulima wa mahindi wa huko huko Lugari, na najua mtu wa kwetu hakubali jambo kwa sababu tu limesemwa na aliyevaa koti jeupe.

Profesa alinifundisha mengi, lakini alichokipenda zaidi kilikuwa kipimo alichokiita mtego wa kisigino. Mgonjwa anayesema mguu wake mmoja hauna nguvu unamlaza chali. Unaweka kiganja chako chini ya kisigino cha mguu huo, unamwambia akandamize. Hakandamizi, unasikia uzito mtupu. Kisha, bila kuondoa kiganja, unamwambia ainue ule mguu mwingine, ulio mzima. Mwili wa binadamu umeumbwa hivi kwamba ukiinua mguu mmoja, ule mwingine hukandamiza chini wenyewe. Basi ukisikia kisigino cha mguu "mgonjwa" kikikandamiza kiganja chako, umejua kwamba nguvu zimo.

"Usimwambie unachofanya," Profesa alisisitiza. "Mtego ukionekana si mtego."

Nilipelekwa masomoni Nairobi, kisha ng'ambo, na niliporudi Kakamega Profesa alikuwa amestaafu. Nilipewa idara, na pamoja nayo darasa la wanafunzi wa udaktari kutoka chuo kikuu, ambao walinifuata wodini kila Jumanne. Nilisifika. Aliwahi kuletwa dereva aliyesema mkono wake wa kulia umekufa tangu ajali. Tulipomaliza nikamwita akiwa mlangoni na kumrushia kalamu yangu, naye akaidaka kwa mkono ule ule. Idara nzima ilicheka wiki nzima. Baada ya hapo waajiri wakaanza kuniletea barua: tafadhali mpime huyu, tuna shaka naye. Nilizipenda barua hizo kuliko nilivyokubali wakati ule. Ni raha fulani kujulikana kama mtu asiyedanganyika.

Barua moja ilitoka kwa wenye kitalu cha miche karibu na Isecheno, kule msituni. Ilimhusu mfanyakazi aliyeitwa Selina. Kazi yake ilikuwa kujaza udongo kwenye vifuko na kupanda mbegu za miti, akikaa kwenye benchi moja na rafiki yake Rasoa. Asubuhi moja ya upepo, Selina aliinuka kwenda kuchota maji. Tawi la mti wa zamani likakatika likaangukia benchi, na Rasoa akafa pale pale. Selina hakupata hata mkwaruzo. Alimzika rafiki yake, akarudi kazini, na wiki ya tatu akaamka mguu wa kulia hauendi. Barua ilisema kwa adabu kwamba tawi halikumgusa, na kwamba wenzake wanamwona kama anakwepa kazi.

Mganga Mkuu wa hospitali alinipitia ofisini kabla sijamwona mgonjwa mwenyewe.

"Wale watu wa miche wamenipigia simu tena," alisema. "Wanataka kujua tu kama ni ugonjwa au ni maneno."

"Nitaandika nitakachoona."

"Andika. Lakini usiwaandikie kurasa tano. Hawasomangi."

Selina aliletwa na mama mkwe wake, mwanamke mrefu aliyesimama kando ya kitanda amekunja mikono, akimtazama mkaza mwanawe kama nilivyomtazama mimi. Wanafunzi walikuwa wametuzunguka.

"Mguu umefanyaje?" nilimwuliza Selina.

"Uko tu, daktari. Lakini nikiuambia twende, unakataanga."

"Unaukataza wewe?"

"Nikiukataza nitapata nini? Mboga zangu zimekauka shambani nikiziangalia."

Mama mkwe akadakia. "Muulize vizuri, daktari. Juzi nimemwona amegeuka kitandani akiwa usingizini, na huo mguu ukasonga. Mimi ndio nateka maji sasa, na nina umri huu."

Selina alitazama dari.

Niligonga kano, mguu uliruka kama kawaida. Nilikwaruza unyayo, kidole kikakunjika chini, sawasawa. Nikaweka kiganja chini ya kisigino cha kulia. "Kandamiza." Hakuna kitu. Niliona jasho kwenye paji la uso wake, nikalihesabu kuwa ni ufundi. "Sasa inua mguu wa kushoto." Kisigino cha kulia kikashuka juu ya kiganja changu kwa nguvu za mwanamke aliyelima maisha yake yote. Niliwatazama wanafunzi, nikatikisa kichwa kidogo, nao wakaelewa.

Tulipotoka kwenye korido mwanafunzi mmoja aliyeitwa Mmbone, msichana mwembamba aliyekuwa akiandika kila kitu, aliniuliza, "Samahani, daktari. Yeye mwenyewe anajua kwamba nguvu ziko?"

"Mguu ni wa nani?" nilimjibu, na wenzake wakacheka. Yeye hakucheka. Aliandika swali lake mwenyewe kwenye daftari, nami nikaona huo ni ukaidi.

Niliandika ripoti fupi kama nilivyoombwa. Hakuna ugonjwa wa ubongo, uti wa mgongo wala neva. Nguvu za mguu wa kulia zipo kamili. Mwishoni nikaongeza neno ambalo hakuna aliyeniomba: anaigiza.

Kabla ya kutia sahihi nilikwenda dirishani, kwa mazoea ya kazi. Selina alikuwa ameshuka akimwegemea mama mkwe. Walipofika nje ya lango mama mkwe alimwacha ameshika ukuta, akaenda kutafuta pikipiki. Sasa Selina alikuwa peke yake, na hakuna aliyemjali. Nilisubiri. Nilikuwa na hakika kwamba atausimamisha ule mguu vizuri na kunyoosha mgongo. Alijaribu hatua moja kufuata kivuli. Mguu uliburutika, ncha ya kiatu ikachimba kokoto, akaanguka kwa magoti. Hakulia wala kuita mtu. Aliushika mguu wake kwa mikono miwili, kama mtu anayehamisha kitu cha jirani, akauweka mbele yake, akajivuta hadi ukutani.

Mwigizaji asiye na watazamaji anaigizia nani? Swali hilo lilinijia, nasema kweli. Nikalijibu haraka: anajua niko dirishani. Hakuwa ameinua macho hata mara moja. Nikarudi mezani, nikatia sahihi na muhuri.

Alifukuzwa kazi wiki ile ile. Habari niliipata kwa Sista aliyesimamia wodi yetu, ambaye alikuwa na ndugu Isecheno. Aliniambia pia kwamba maneno ya ripoti yalifika nyumbani kwa Selina kabla ya barua ya kumfukuza, kwamba mume wake alimwuliza mbele ya watu kama anataka kumgeuza mama yake mtumishi, na kwamba hata akina mama wa soko la Lubao walikuwa wakimwiga anavyotembea. Kisha Selina akaondoka kwenye ndoa yake. Sista alinieleza hayo yote akipanga chati, bila kunitazama. Nilimwambia ukweli una gharama yake. Aliendelea kupanga chati.

Miaka mingi ilipita. Nilifundisha, nilisahihisha mitihani, nilibishana na Mkuu wa Kitivo juu ya vitanda na wahadhiri. Mtego wa kisigino niliufundisha kila mwaka, na kila mwaka wanafunzi waliufurahia kuliko somo lolote.

Mmbone alikwenda kusoma zaidi na akarudi kwetu akiwa daktari bingwa wa neva. Nilikuwa nimebakiza miezi michache tu kustaafu. Aliomba kuanzisha kliniki ya watu ambao miguu au mikono imekataa kazi na vipimo havionyeshi ugonjwa. Nilishuku mara moja kwamba anataka kunipiga vita vya kimya kimya kabla sijaondoka. Nikaenda kuketi nyuma ya chumba chake kumkagua.

Mgonjwa alikuwa fundi wa kushona nguo, mwanamume wa makamo, mguu wa kushoto umelegea. Mmbone alimlaza chali na kufanya kipimo kile kile nilichomfundisha. Lakini kisigino kilipokandamiza kiganja chake, hakututazama sisi. Alimtazama mgonjwa.

"Weka mkono wako hapa kwenye paja," alimwambia. "Inua tena mguu wa kulia. Umesikia msuli ulivyokaza huku kushoto?"

"Nimesikia," fundi alisema kwa woga. "Sasa mbona nikitaka mimi haikazi?"

"Kwa sababu ukiufikiria mguu, amri inakwama njiani. Usipoufikiria, inapita. Nyaya hazijakatika. Wewe hudanganyi, na ugonjwa wako ni wa kweli. Tutaufundisha ubongo njia upya, pole pole, na mtaalamu wa mazoezi."

Sikuamini. Nilimfuatilia fundi yule kama askari wa upelelezi. Baada ya wiki kadhaa alikuja na fimbo, baadaye akaja bila fimbo. Nilimngoja nje nikamwuliza kama mguu uliwahi kuuma kweli, kama nyumbani kuna ugomvi, kama kuna mtu ambaye yeye alitaka kumkwepa. Alivumilia maswali yangu yote. Kisha akasema, "Mama, wengi waliniambia mguu ni mzima. Huyu daktari ndiye wa kwanza kuniambia mguu ni mzima na bado akaniamini."

Siku hiyo nilimwomba karani wa kumbukumbu anitafutie faili la Selina. Ilimchukua siku mbili kulipata. Nilisoma mwandiko wangu. Mistari ya kwanza ilikuwa sahihi, na ningeiandika tena leo. Neno la mwisho ndilo lililokuwa uongo, na lilikuwa limewekwa muhuri.

Sherehe ya kuniaga ilifanywa kwenye ukumbi wa chuo. Mkuu wa Kitivo alinisifu kwa kuwa na jicho lisilodanganyika, na watu wakapiga makofi. Nilishindwa kumaliza chakula. Wiki iliyofuata nilimtafuta Selina, na nikaelekezwa Chekalini, kwa kaka yake mkulima wa mahindi.

Nilimkuta barazani akipukuchua mahindi. Mguu wa kulia ulikuwa umekonda, na wayo umepinda kuelekea ndani kwa sababu ya kutotumika. Alinitambua kabla sijajitaja. Hakunikaribisha kiti, na chai haikuletwa. Kwa watu wa kwetu hilo ni jibu kamili.

"Umetumwa na nani?" aliuliza.

"Sijatumwa na mtu. Nimestaafu."

"Watu wa miche wana kesi nyingine?"

"Hapana. Nimekuja kukuambia kwamba nilikosea. Ulikuwa mgonjwa. Kipimo nilichokufanyia nilikisoma vibaya, na sasa kuna daktari anayeweza kukusaidia. Ukiniruhusu nitakuonyesha jinsi mguu—"

"Mimi silali chini mbele yako tena."

Aliendelea kupukuchua. Punje zilikuwa zikilia kwenye ungo.

"Ile ya kwanza ulisema au uliandika?" aliniuliza hatimaye.

"Niliandika."

"Basi na hii uandike."

Aliita wifi yake alete karatasi ya daftari. Niliandika nikiwa nimesimama, nikiegemea nguzo ya baraza. Alipokea karatasi, akaisoma taratibu, akiweka kidole kwenye kila mstari. Kidole kikasimama.

"Umeandika 'huenda nilikosea.' Huenda ni nini?"

"Ni namna ya kuandika ya madaktari."

"Siku ile hukuandika huenda."

Nililikata neno hilo. Akasoma tena, akataka niandike kwa jina lile neno la zamani, kuigiza, na niseme halikuwa kweli. Nikaandika. Bado hakuridhika. Alisema karatasi kwenye sanduku lake haimsaidii; aliyesikia ya kwanza ndiye asikie na ya pili. Alinipa namba yake ya simu ili tupange siku, na tukakutana Isecheno, yeye akiwa ameletwa na kaka yake, nyumbani kwa mama mkwe wake wa zamani. Bibi huyo alikuwa amezeeka, macho yamefifia, lakini alikaa wima kama nilivyomkumbuka. Nilisoma barua yangu mbele yake na majirani wanne au watano waliokuja kusikia.

Nilipomaliza, bibi alinyoosha mkono akaipapasa karatasi.

"Sasa sisi tuamini ipi?" alisema. "Hata ile ya kwanza ilikuwa na muhuri."

"Ya kwanza niliiandika nikimtafutia kosa. Sikumsikiliza."

"Na ile siku mguu ulisonga kitandani? Mimi niliona kwa macho yangu."

"Uliona kweli, mama. Usingizini hakuwa akiufikiria, kwa hivyo ulisonga. Huo ndio ugonjwa wenyewe. Wewe ulisema ulichokiona. Mimi ndiye niliyekipa maana mbaya."

Bibi aligeuza uso kuelekea alikokuwa Selina. "Nilisema ovyo sokoni," alimwambia. "Nilisema mengi."

"Nilisikia," Selina alijibu. Hakuongeza kitu. Aliikunja barua, akaitia kifuani, akaomba kaka yake ampeleke nyumbani.

Sasa sina wodi wala darasa. Vijana wanaponitembelea kuniuliza ushauri nawaambia washuku, maana kazi yetu haifanyiki bila shaka. Kuna mgonjwa anayeficha pombe, kuna anayeficha dawa za mitishamba, kuna yule dereva na kalamu yangu. Lakini nawaambia waishuku kwanza ile furaha wanayoipata wanapodhani wamemnasa mtu. Mimi furaha hiyo ilinifanya nione kwa macho yangu mwanamke akianguka peke yake kwenye kokoto, na bado nikatafuta sababu ya kutoamini. Wengine huandika maneno haya, wengine hutazama saa.

Selina alikwenda kwa Mmbone, kwa sharti kwamba mimi nisiwepo siku anazokwenda. Nilikubali. Baada ya muda nilishindwa kujizuia, nikampigia Mmbone kumwuliza anaendeleaje, kama wayo umenyooka, kama ameweza kusimama bila fimbo.

"Daktari," Mmbone alisema kwa upole, "hayo ni ya mgonjwa. Namba yake unayo. Mwulize mwenyewe."

Ninayo. Bado sijamwuliza.